Vikaratasi vya Kwenye Kola

Shangazi yangu anapiga pasi. Natanguliza hilo kwa sababu kuna watu wakisikia mtu anaujua muziki huuliza alisomea wapi, na wakiambiwa anapiga pasi kwa dobi, hucheka kwa pua. Wacheke. Amesimama nyuma ya meza ileile miaka ishirini na miwili, redio kaseti ikiwa kwenye rafu juu ya ndoo ya wanga, na kwa muda wote huo amesikiliza albamu nzimanzima, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, nyingi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Shati moja humchukua dakika sita. Albamu moja ni mashati saba, na yakiwa ya mikono mifupi, tisa.

Mimi nakaa kaunta. Napokea nguo, naandika namba kwenye kikaratasi, nakibana kwa pini kwenye kola, na zikiwa tayari namkabidhi mwenyewe. Upande wa namba ni wangu. Upande wa nyuma ni wa shangazi, tangu kabla sijaajiriwa pale.

Huko nyuma humwandikia mwenye nguo albamu ya kusikiliza. Hamjui mtu huyo ila kwa nguo zake, na anadai nguo hazina unafiki. Mkunga wa mtaa wa pili, ambaye magauni yake ya kazi huja na mikono iliyokunjwa hadi juu ya kiwiko, aliandikiwa albamu ya regge: “Hii haina haraka, na wewe umezungukwa na watu wenye haraka. Wimbo wa pili uruke, mpiga ngoma alikuwa na njaa.” Hakimu mstaafu mwenye suti tatu za kijivu zisizotofautiana hata kifungo aliandikiwa hip hop ya vijana wanaoitukana mahakama: “Usikasirike mpaka wimbo wa sita. Hapo wanaomba wasikilizwe.” Wiki iliyofuata mzee wa watu alikuja, akainama kwenye kaunta kana kwamba ananiambia siri ya serikali, akasema amefika wimbo wa sita. Mama mmoja wa kwaya alipewa jazi, akakirudisha kikaratasi kwa hasira na kuniambia yeye ameokoka. Baada ya mwezi alirudi kuuliza kama bado ninacho.

Wala shangazi hasifu ovyo. Kuna albamu ya muziki wa dansi ambayo mji mzima uliipigia makofi. Yeye aliisikiliza mara tatu ili asiionee, kisha akaandika: “Nyimbo kumi na mbili, wimbo mmoja. Ni supu ya jana iliyoongezwa maji.”

Jina lake hakuwahi kuliweka. Nilimwambia mara nyingi.

“Shangazi, si uandike basi jina lako hapo chini?”

“Kwani anayevaa shati anataka kujua nani kalinyoosha?”

“Mimi ningetaka.”

“Wewe unapenda sifa. Hiyo umeitoa kwa mama yako, kwetu haipo.”

Miongoni mwa wateja wetu alikuwepo mtangazaji wa redio. Huyu alileta mashati saba meupe kila Jumatatu na kuyachukua Ijumaa, miaka miwili mfululizo. Alikuwa na kipindi chake Jumamosi asubuhi, cha kupendekeza albamu, na watu walimsifu kuwa ana sikio la ajabu. Sisi hatukuwahi kumsikia, kwa sababu dukani kwetu redio haifunguliwi. Zinapigwa kanda tu.

Jumamosi moja ule mpira wa kuzungushia kanda ukakatika. Kufanya kazi bila sauti shangazi hawezi, anasema pasi inakuwa nzito, basi nikafungua redio. Nilikuwa nabana namba kwenye suruali ya mtu niliposikia sauti ya mteja wetu, nzito na tamu: “Wapenzi wasikilizaji, niwaambie ukweli ambao wengine wanaogopa kuusema. Nyimbo kumi na mbili, wimbo mmoja. Ni supu ya jana iliyoongezwa maji.”

Mwenzake studioni akacheka mpaka akakohoa. “Bwana wewe, haya maneno unayatoa wapi?”

“Yanakuja tu,” akasema.

Yanakuja tu! Yanakuja kwenye kola yake, yamebanwa kwa pini, na aliyebana ni mimi. Miaka miwili nimekuwa nikimkabidhi mtu yule mali ya shangazi yangu na kumwambia karibu tena.

“Umesikia?” nikamuuliza.

“Nimesikia.”

“Anakuibia.”

Shangazi akageuza shati, akalaza mkono wa kushoto. “Ana sauti nzuri,” akasema. “Mimi ningeyasema vibaya.”

Niliitafuta simu yangu nipige studio. Akaniambia niirudishe mfukoni, na akaniambia kwa jina langu lote, jambo ambalo hulifanya mara moja kwa mwaka. Nikairudisha. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na mimi haki ile sikuiona ikielekea upande wetu. Nikanunua mpira mpya wa redio, nikaufunga mwenyewe, huku nikimtukana mtangazaji kimoyomoyo kwa kila skrubu.

Ningeweza kuishia hapo na kubaki na chuki yangu ndogo. Ila wiki tatu baadaye mtu huyo alifiwa na baba yake, akaleta suti nyeusi ya kwenda kuzikia. Macho yalikuwa mekundu. Shangazi aliinyoosha suti ile kama anayemvisha mtu, kisha akakaa na kikaratasi muda mrefu kuliko kawaida. Nilipokuja kukibana nikakisoma. Alikuwa amemwandikia kanda yake mwenyewe.

Lazima niieleze kanda hiyo. Ni albamu ya mwanamke mmoja na gitaa moja, nyimbo nane, na mume wa shangazi, ambaye alikuwa fundi redio, aliipenda kupita zote. Siku moja mashine ikautafuna utepe katikati ya wimbo wa nne. Yeye akakata kilichoharibika kwa wembe, akaunga mahali pale kwa kipande cha utepe mtupu ili wimbo usiruke. Ndiyo maana katika kanda yetu mwimbaji anafika kwenye neno “nyumbani” na kunyamaza. Kimya hicho ni cha muda wa kunyoosha kola moja. Kisha anaendelea. Mwaka ule ule fundi alifariki, na hiyo ikawa kazi ya mwisho ya mkono wake iliyobaki kwa shangazi. Kimya kile kikifika, pasi husimamishwa wima. Hata mimi huwa sichakarishi karatasi.

Kikaratasi kilisema: “Usiisikilize ukiwa na watu. Katika wimbo wa nne mwimbaji ananyamaza muda wa kola moja. Wimbo unaanzia hapo. Usipokikuta kimya hicho, njoo uniulize.”

Alijua hatakikuta. Hakipo kwenye kanda nyingine yoyote duniani. Alikuwa anamwita mfiwa aje, amsimulie habari za mume wake, yeye amsimulie habari za baba yake. Shangazi hajawahi kumkaribisha mteja namna hiyo.

Jumamosi ya pili baada ya mazishi nilifungua redio kwa makusudi, nikasema mpira umelegea tena. Naukiri uongo huo. Basi akaanza: amepita kwenye huzuni, na albamu moja tu ndiyo iliyomshika mkono. Akakisoma kikaratasi. Alikisoma vizuri mno, na sauti ikitetemeka panapofaa. Sentensi ya mwisho, ile ya kuja kuuliza, akaiacha.

Msikilizaji wa kwanza akapiga simu. Dereva wa lori, kwa maelezo yake. “Kaka, pole na msiba. Ila hiyo albamu ninayo, nasafiri nayo. Wimbo wa nne hauna kimya.”

Mtangazaji akacheka taratibu. “Rafiki yangu, kusikia ni kitu kimoja, kusikiliza ni kitu kingine. Safisha masikio.”

Wa pili naye akapiga, kisha wa tatu, wote wakisema hakuna kimya. Akawafundisha wote jinsi ya kusikiliza.

Shangazi alisimamisha pasi wima. Nilidhani atalia, lakini alikuwa amekasirika. Katika maisha yangu sikuwahi kuiona hasira ya shangazi, na nawaambia si jambo la kutamani.

“Hakuisikiliza,” akasema.

“Nilikuambia ni mwizi.”

“Mwizi wa maneno nilimwachia. Maneno nitaandika mengine. Lakini huyu hasikilizi, mwanangu. Angeiweka hata mara moja angejua hakuna kimya, angekuja kuniuliza. Miaka miwili namchagulia, nakaa na mashati yake nawaza albamu hii itamfaa, ile itamsumbua, na hakusikiliza hata moja. Nimempa kimya cha mume wangu akakisoma kama tangazo la biashara.”

Jumatatu mwenyewe akaja, na mashati saba, na uso mkavu.

“Mama, ile kanda uliyoniandikia. Unayo?”

“Ninayo.”

“Niazime mpaka Jumapili. Kuna watu wanabishana nami kidogo huko kazini.”

Huko kazini! Nikafungua mdomo. Shangazi akaniangalia, nikaufunga.

“Haitoki hapa,” akamwambia. “Kaa hapo kwenye benchi, nikuwekee.”

Akakaa katikati ya mafurushi, simu mkononi. Wimbo wa kwanza alisoma ujumbe, wa pili akajibu, wa tatu akaangalia saa. Mwimbaji akafika kwenye “nyumbani”, akanyamaza. Pasi ikasimama. Na bwana yule akaruka kutoka kwenye benchi.

“Ndiyo hapo hapo! Mnaona? Si nilisema kipo? Ebu nirudishie hapo, mama, nirekodi kwenye simu, watanitambua.”

Alipomaliza kusema, wimbo ulikuwa umeshaendelea. Alikuwa amekijaza kimya chote, mwanzo hadi mwisho, hakubakiza hata pumzi. Shangazi akanyoosha mkono, akazima.

“Mashati yatakuwa tayari Ijumaa,” akasema.

Sikio la kufa halisikii dawa. Siku hizo nne niliapa mara kumi kwamba nitayaunguza mashati yale, nianzie na kola. Shangazi aliyanyoosha yote saba bila kosa, akayatia wanga, na jioni ya Alhamisi akaandika kikaratasi. Nilikisoma mara mbili, kisha nikatafuta pini ngumu kuliko zote kwenye kopo. Ijumaa mtangazaji alichukua mashati yake, akachomoa kikaratasi, akakitia mfuko wa kifuani bila kukitazama. Aliuliza tena habari za kanda, akaambiwa tena haitoki.

Jumamosi redio aliifungua shangazi mwenyewe.

“Wapenzi wasikilizaji,” ikaanza ile sauti tamu, “wiki nzima nimekaa na albamu moja, nimeirudia mpaka majirani wamenijua.” Tukasikia karatasi ikikunjuliwa. “Albamu hii haina jalada. Wimbo wa kwanza unamhusu mwanamume mwenye mashati saba meupe. Wimbo wa pili unamhusu mwanamke anayeyanyoosha. Wimbo wa tatu ni wa vikaratasi, kimoja kila wiki, vilivyobanwa kwa pini kwenye kola.” Sauti ikaanza kupunguza mwendo, kama mtu anayetembea gizani akahisi ngazi. Ila mdomo uliozoea ulikuwa umeshatangulia. “Katika wimbo wa nne mwanamume huyo yuko redioni, anasoma kikaratasi ambacho hakukisoma kabla, na watu wanaanza kuelewa ni cha nani.”

Akanyamaza.

Nilishika ukingo wa kaunta. Shangazi alikuwa na gauni la mkunga mezani. Hakusimamisha pasi safari hii. Alinyoosha kola yote, akaigeuza, akanyoosha upande wa ndani, akaingia kwenye mkono wa kulia, na redio bado haikuwa na kitu. Mwenzake studioni akasikika akiuliza kwa mbali, “Vipi, bwana?” Halafu likaja tangazo la sabuni ya kufulia, lenye nyimbo za watoto.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Shangazi hakucheka.

“Kimya hicho amekisikiliza,” akasema, akazima redio.

Mashati yale hayakuletwa tena, na sikuyakumbuka hata siku moja. Nilichokikumbuka ni kilichofuata pale pale, gauni la mkunga likiwa bado la moto. Shangazi alinyoosha mkono akaomba kikaratasi, akageuza upande wa nyuma, akamwandikia mkunga albamu ya kwaya ya wanaume: “Wameimba wamechoka, ndiyo maana ni nzuri.” Nikajua amemaliza, nikakifuata na pini. Akanizuia kwa kiganja. Akainama tena, na chini ya maneno yale akaandika jina lake, la kwake, la baba yake na la mume wake, kwa herufi kubwa za mtu asiye na mazoea ya kuliandika.

“Haya,” akasema. “Bana.”