Mikwaju Themanini ya Kache Nzai

Jumatatu, tarehe 8 Septemba 2025. Karatasi ya alama iliyotiwa saini na watu wawili inathibitisha kwamba Kache Nzai, aitwaye pia Mama Mbeyu, kedi, mkazi wa Magogoni, Kisauni, alipiga mpira wake wa kwanza saa moja na dakika kumi asubuhi.

Ilikuwa siku ya makedi. Kila Jumatatu wanachama wa klabu ya gofu hupumzika, na uwanja huachiwa wale ambao siku nyingine sita hubeba mifuko ya fimbo za wenzao. Safari hii klabu ilikuwa imetoa ahadi: kedi atakayezunguka mashimo kumi na nane kwa mikwaju themanini au pungufu atachukuliwa kusomea ukufunzi wa gofu. Nafasi ilikuwa ya siku hiyo moja tu. Kache alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa, na kumi na minne katika hiyo alikuwa ameimaliza akifundisha watu bila cheo, kwa sauti ya chini, nyuma ya mabega yao. "Punguza nguvu, bwana." "Lenga kushoto kidogo, mama." Waliomsikiliza walirudi nyumbani na vikombe. Yeye mwenyewe hakuwahi kushuka chini ya mikwaju themanini na tano.

Sababu aliigundua Abdulghani, mzee wa Bofu, Likoni, aliyekwisha kustaafu ukedi, ambaye makedi walimwita Ami, yaani baba mdogo. Alimtazama akicheza mwezi wa Julai, akacheka hata akashika magoti.

"Mama Mbeyu, wewe una maradhi ya kazi."

"Maradhi gani, Ami?"

"Macho! Miaka yote hii walipwa kuangalia mpira wa mtu umeangukia wapi. Sasa ukipiga wako, fimbo haijafika, macho yashatangulia kuutafuta. Kichwa chainuka, bega lainuka, mpira waenda kwa jirani."

Hakuna kedi aliyesifiwa macho kama Kache. Mpira ulioingia kwenye vichaka akiwa kazini ulihesabiwa umeshapatikana. Kumbe sifa iliyomlisha ndiyo iliyokuwa ikimwangusha.

Kwa wiki saba, alasiri ya kila Jumanne na Alhamisi, Abdulghani alivuka feri kutoka Likoni na kupanda hadi kiwanja cha Magogoni, vizibo vya soda vikimlia mfukoni. Ndani ya kila kizibo alikuwa ameandika namba kwa rangi. Alikididimiza kizibo, namba ikitazama juu, kikawa sawa na ardhi, akaweka mpira juu yake, akamwamuru Kache apige, kisha ataje namba kabla ya kuinua uso.

"Namba ngapi?"

"Sijaiona, Ami."

"Basi hukupiga mpira, umepiga upepo. Tena!"

"Na mpira nao umekwenda wapi?"

"Hilo halikuhusu. Mimi ndimi kedi."

Wiki ya kwanza aliona namba mara tatu kwa mikwaju sitini. Wiki ya nne aliziona nusu. Wiki ya saba alikuwa akizitaja kabla hajaulizwa, na sauti ya fimbo ilikuwa imegeuka: badala ya kukwaruza ilitoa mlio mkavu, mfupi, uliomsisimua mwili mzima. Alirudi nyumbani akitembea kama msichana.

Siku ya mashindano Abdulghani alifika na kofia iliyopigwa pasi.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Lete huo mfuko. Leo nabeba mimi."

Kiponda, kedi mwenzao aliyepangwa kucheza na Kache na kuandika alama zake, alipiga kelele: "Jamani, oneni bosi mpya! Ami, mwambie akupe bakshishi mapema!"

Mashimo tisa ya kwanza yalikwisha kwa mikwaju thelathini na tisa. Lakini kwenye shimo la kumi na mbili mpira wa Kiponda uliruka kuelekea kwenye minazi.

"Umeuona, dada?"

"Nyuma ya mnazi wa tatu," Kache akajibu, bila hata kufikiri.

Macho yalikuwa yamerudi kazini. Alipopiga wake, uso uliinuka mapema, mpira ukapinda ukatumbukia kwenye shimo la mchanga. Shimo hilo alilimaliza kwa mikwaju saba.

Abdulghani alisimama mbele yake. "Kuanzia sasa mpira wa Kiponda ni wangu, na wako pia ni wangu. Wewe huna hata mmoja wa kutafuta. Umesikia?"

"Abee, Ami. Nimesikia."

Kuanzia hapo hakutafuta kitu. Alipiga, akasikia, akauliza, "Uko wapi?" akaenda alikoonyeshwa. Alipofika shimo la mwisho alikuwa na mikwaju sabini na sita. Alibakiwa na minne.

Wa kwanza ulinyooka. Wa pili ukapanda hadi kwenye nyasi fupi za shimo. Wa tatu uliviringika vizuri, ukasimama hatua mbili kabla ya kufika. Makedi waliokwisha maliza walikuwa wamejazana pembeni.

"Kulia, upana wa kidole," Abdulghani akanong'ona, akarudi nyuma.

Kache aligonga. Mpira ukaondoka, na yeye akabaki ameinama, akiutazama unyasi mmoja mmoja pale mpira ulipokuwa. Kisha, ndani ya shimo: ko!

"Themanini!" Kiponda alirusha kofia. "Themanini kamili! Mama Mbeyu!"

"Umeingia?" Kache aliuliza, uso bado chini.

"Inua kichwa, mwanangu," Abdulghani akasema. "Wallahi, sasa waweza kutazama."

Alipoinua, alikuta watu wanamkimbilia.

Barua ya kumpokea mafunzoni iliandikwa Ijumaa ya wiki hiyo hiyo. Kama yupo mwanamke kedi mwingine aliyewahi kufikia idadi hiyo katika uwanja huo, haijulikani. Karatasi za Jumatatu za miaka iliyotangulia hazikuhifadhiwa.