Jirani yangu wa chama cha kupinga wageni kaanguka kura mara tano, ya sita kawa diwani. Na mimi nina mkono wangu humo

Wakuu, heshima yenu. Ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu, na mengine yananiaibisha mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kutia chumvi.

Mwaka 1995, nikiwa na miaka 25, ndipo nilipoijua shida. Niliingia London na begi moja na elimu ya darasa la tano. Nimeosha masufuria, nimefagia mabasi, baadaye nikanunua vani kuukuu nikaanza kuhamisha watu nyumba. English nimejifunzia kwenye ngazi, nimebeba friji la mtu.

Uraia wa huku sikuchukua. Tanzania hawataki mtu wa pasi mbili, na yangu siiachi. Nina ILR, kile kibali cha kukaa moja kwa moja.

Sasa jirani yangu Terry. Mzungu, fundi bomba mstaafu, mtu wa kile chama kinachosema wageni tumezidi. Siku hizi wameongeza: wakishika nchi, ILR inafutwa.

Hapo ni mimi ninayezungumzwa.

Lakini yule mtu kanishangaza, nasema ukweli. Kila uchaguzi wa kata, hata ule mdogo wa kujaza nafasi, anagombea. Mara ya kwanza alipata kura zisizojaza hata msiba. Mtaa mzima tulicheka. Kagombea tena, kaanguka. Tena, kaanguka.

Chama chenyewe nchi nzima kinapata kura za mamilioni, wabunge unawahesabu kwa vidole, maana huku usipoongoza jimboni huambulii kitu. Kwetu mtu akianguka mara mbili anahamia chama kingine. Terry anakunja meza yake nje ya soko la Woolwich, Jumamosi inayofuata yupo tena, mvua inamnyea, leaflets kazifunika na nailoni.

Mara tano, wakuu. Tano!

Uchaguzi wa juzi, kama wiki tano kabla, akanigongea mlango.

"Terry, unapoteza muda. Mimi si raia, sipigi kura."

Akatazama karatasi zake. "Jina lako hili hapa, rafiki. Tanzania ni Commonwealth. Unapiga kama mimi."

"Na unajua siwezi kukupa wewe?"

"Najua. Lakini nagonga kila mlango."

Nikachungulia karatasi zake, kweli ni jina langu. Kumbe zile barua za council za kujiandikisha kupiga kura, binti yangu Neema ndiye alikuwa anazijibu miaka yote. Mimi sikuwahi kuzisoma.

Kosa langu ndio hili sasa. Jumapili ile tulikuwa na kikao cha harusi. Ukumbi umejaa, Watanzania na Wakenya, wengi wao wa kata yetu. Stori ikafika kwa Terry.

"Huyo ataanguka mpaka azeeke!" mwenyekiti akasema. Kicheko.

Mama mmoja akadakia, "Na hata tukitaka kumzuia, sisi wageni hatupigi. Si ndivyo unavyotuambiaga, baba Neema?"

Kweli, miaka yote ni mimi niliyekuwa nawaambia hivyo, tena kwa kifua mbele. Siku za kujiandikisha zilikuwa bado hazijaisha. Neno moja tu lingetosha.

Nikasema, "Ndivyo."

Niliona aibu, wakuu. Mzee mzima kusema nilikosea mbele ya watu wale!

Alhamisi ya kura nikaenda peke yangu. Shule ya msingi tu, hakuna askari, hakuna foleni. Nikatoa pasi yangu ya Tanzania, ile ya Bibi na Bwana, mama wa mezani akaisoma, akanipa karatasi. Penseli imefungwa kamba. Nilipomaliza nikamnyooshea kidole anipake wino.

"Kimeumia, darling?" akaniuliza.

Kesho yake Neema akanionyesha simu. "Dad, Terry got in."

Alimpita aliyemfuata kwa kura chache ambazo watu wa kikao kile wangezifuta, na wengine wangebaki wanakula pilau yao.

Nikamkuta nje anatoa mapipa. "Ulipiga?"

"Nilipiga. Si kwako."

Akacheka, akanipa mkono. "Taa ya mtaa ikizima, nipigie mimi." Na alimaanisha. Mtu huyo huyo.

Nilichojifunza: chama kinachoanguka usikicheke, angalia kama kesho yake kinarudi na meza. Na ukikosea, sema mapema. Mimi nilirudi kikaoni nikasema, wakanizomea, na walikuwa na haki. Sasa kila Ijumaa nipo nje ya msikiti, kila Jumapili nje ya kanisa, Neema ananisaidia kuandikisha watu kwa simu.

Nyie mlioko Reading, Leicester, Wembley, wangapi mmejiandikisha? Jibuni hapa. Mnaotaka kunisema pia ruksa.

Nilicho nacho leo:

Nyumba ya vyumba vitatu, mkopo umeisha.
Vani tatu.
Kiwanja Kibaha na banda la kuku.
Watoto wawili wenye digrii.
Pasi moja.
Na ILR ambayo diwani wangu anataka ifutwe.