Ubawa Usioyeyuka

Alhamisi ile Kahongya alikuwa na makaa mekundu, chungu tupu cha kuyeyushia, na sufuria nane za harusi zilizotakiwa Jumamosi. Alumini hakuna. Mtengeneza sufuria asiye na alumini ni sawa na padri asiye na divai: kuimba anaweza, misa hakuna.

Zorobabel, mchuuzi wa vyuma chakavu, akaingia mtaa wa Mususa na moto yake, yaani pikipiki, kutoka Beni, vumbi la njia ya Kalunguta mpaka kwenye kope. Nyuma amefunga ubao mweusi mpana kama meza, na chini yake gunia la vifuniko vya injini za pikipiki kuukuu. Kahongya aliliona gunia kwanza. Ndiyo maana hakulitazama tena; sokoni Butembo, kitu unachokitaka unakipa mgongo.

— Mama Kahongya, hii hapana bati. Ni ubawa ya avion de chasse!

— Eh! Na mwenyewe anajua?

— Ilianguka, mama. Ndege ya vita, ya kisasa! Safari moja tu inapigana na ndege zingine, inatupa mabomu, inapiga na picha. Radar hapana kuiona.

— Sasa wewe uliionaje?

Zorobabel akaupigapiga ubawa, akaendelea.

— Rubani anaonaga adui mu kioo ya kofia yake. Na ndege yenyewe haijue kukaa sawa mu hewa, ni kompyuta inaisawazisha kila sekunde.

— Na siku ile kompyuta ilienda kula?

Kahongya akakata kipande cha ubawa kwa msumeno, akakitia motoni. Kipande hakikulainika. Kilitoa moshi mweusi, kikanuka kama tairi, kikaacha nyuzi kama mèches, zile nywele za bandia za saluni.

— Ni fibre de carbone, nyuzi ya kaboni! Nyepesi kupita alumini, nguvu kupita chuma!

— Vizuri sana. Bibi-arusi atapikia majani ya sombe mu nywele.

Zorobabel akaukumbatia ubawa wake kwa mikono miwili.

— Pole, ndugu, — Kahongya akasema kwa huruma ya kupimwa kwa kijiko. — Utarudi Beni na hii, na lile gunia la takataka tena? Moto itavunjika mgongo. Acha nikuondolee uzito.

Akataja bei ya kuaibisha. Lakini mtu anayelinda utajiri hagombani kwa ajili ya gunia. Zorobabel akakubali bila hata kugeuka, maana alikuwa amefika kwenye habari ya injini ya ndege, jinsi inavyowaka.

Kabla hajaimaliza, vile vifuniko vya injini za pikipiki vilikwisha kuwa uji mweupe wa alumini chunguni.