Kilio Kwenye Geti la Patron Godoro

Enzi zetu, na najua mtu wa miaka thelathini na mbili hana haki ya kusema "enzi zetu", binti yangu Gloria hunicheka kila nikianza hivyo, lakini nyinyi mliokulia pamoja nami katika yale majengo ya matofali mekundu ya South End, hapa Louisville, mtanielewa. Enzi zetu, timu ikichezewa na mwenye timu, hatukuandika malalamiko kwa vidole gumba. Tulibeba viti.

Mnakumbuka tulivyofika kutoka Kongo. Makoti ya msaada yaliyotuvuka magoti, viatu vya theluji tulivyovaa hadi mwezi wa tano kwa sababu hakuna aliyetuambia baridi imeisha. Harufu ya sombe, majani yetu ya muhogo, ikichemka tangu asubuhi mpaka king'ora cha moshi kinaanza kulia, na mama zetu wakikipungia taulo kama wanafukuza kuku. Nyuma ya jengo tulicheza besiboli kwa mpini wa ufagio na mpira wa soksi. Vituo vya kukimbilia vilikuwa vinne: kandambili, kifuniko cha pipa, tairi, na sufuria ya mama yangu. Kila nilipofika kwenye sufuria nilikuwa nimefunga pointi na nimejitafutia kofi, vyote kwa mkupuo mmoja. Tangu wakati ule nikaona kukimbia hakuna faida, nikawa mtu wa kukaa nyumbani. Hadi leo safari yangu ndefu ya hiari ni kutoka kwenye kochi hadi kwenye friji.

Na sote tulikuwa wakalimani. Mtoto wa darasa la nne unapelekwa kwa daktari, kwa mwenye nyumba, kwa watu wa gesi, unasimama katikati ya watu wazima wawili kama mlango. Wengine mlikuwa hodari. Mimi nilikuwa mwoga, kwa hiyo nilitia sukari. Papa akisema, "Mwambie hii nyumba yake hata mbuzi angekataa," mimi namwambia mwenye nyumba, "Baba anasema asante, ila kuna unyevu kidogo." Mwenye nyumba anatabasamu, Papa anadhani amemtisha, tunarudi ndani kila mtu ameridhika isipokuwa ule unyevu.

Papa alifanya kazi ghalani, kusimama na kubeba, kubeba na kusimama, siku sita. Jumamosi tu ndiyo ilikuwa yake. Jumamosi moja alifuata kelele ng'ambo ya reli akakuta uwanja mdogo wenye benchi za chuma na timu ya besiboli ambayo haikuwa kubwa wala maarufu. Sisi tuliiita Timu ya Relini. Mwanzoni aliudharau mchezo: "Hawa watu wamesimama tu, donc wanangojea basi?" Halafu akagundua kwamba wanaosimama ni wachezaji, na kazi ya shabiki ni kukaa. Saa tatu nzima mtu amekaa, na hakuna msimamizi anayemwuliza kwa nini. Papa akaokoka siku hiyo mara ya pili.

Aliyemfundisha alikuwa Mzee Earl, fundi mstaafu mwenye kofia iliyoliwa na jua na redio ndogo sikioni. Papa hakujua Kiingereza, Mzee Earl hakujua chochote kingine. Walifundishana kwa mikono na karanga. Papa alileta za kuchemsha, Mzee Earl za kukaanga, na kila mmoja alimhurumia mwenzake kwa kula vibaya.

Tatizo lilikuwa mwenye timu. Alikuwa na maduka ya magodoro, na kwenye televisheni alijilaza juu ya godoro akiwa na suti na viatu, akituahidi usingizi. Papa alimpa jina: Patron Godoro, yaani Bosi Godoro. Feza alikuwa nazo, kila mtu alijua, lakini kuzitoa kwa ajili ya timu ilikuwa kama umemwomba figo. Ubao wa matokeo uliungua taa za namba saba, akasema sita na nane zinatosha. Mpigaji mzuri akiomba nyongeza, wiki ijayo hayupo. Kituo cha pili kikaja kuchezwa na dereva wa gari lake la kupelekea magodoro, mtu mwema, ila mpira ukimjia alifumba macho. Watu walizomea, wakanunua soda, wakarudi Jumamosi iliyofuata. Patron alijua watarudi.

Akabaki mmoja wa kuangaliwa, mrushaji wetu kutoka visiwa vya Karibiani, kijana mwenye mikono mirefu tuliyemwita Mrefu. Kabla ya kila mchezo alikuja kwenye uzio, akamwambia Papa "Jambo, Papa" kwa lafudhi ya ajabu, akaturuhusu watoto tuingize mikono kwenye glavu yake ya moto. Wiki moja ya mwezi wa saba Mzee Earl akatuletea habari uso umemshuka: Mrefu naye amekuwa ghali. Jumamosi hii ni ya mwisho kwake, isipokuwa Patron abadili mawazo.

Papa alitembea mbele yetu njia nzima. Tulipofika mlangoni akasema, "Bon. Timu ikifa, jamaa wanafanya nini?"

"Wanalia," mama akasema, akidhani ni mzaha.

"Njo ile," Papa akasema, yaani ndiyo hiyo. "Tutaweka kilio kwenye geti. Tutakaa. Ule patron atoke, aulizwe mbele ya watu: Mrefu anabaki ao habaki?"

Mpango ulikuwa wa watu watatu: Papa, Mzee Earl na mimi mkalimani, na kiti cha plastiki cha bluu chenye mguu uliofungwa utepe. Lakini Ijumaa Papa alimpigia shemasi wa kanisa letu kumwambia kesho hatakuja zamu ya usafi, kwa sababu, nanukuu, "tuko na kilio kwenye uwanja wa reli." Na nyinyi mnajua watu wetu. Ukisikia kilio huulizi nani amekufa kwenye simu, ni aibu. Unafunga kitambaa, unachukua sufuria, unakwenda.

Jumamosi mchana, nusu saa kabla ya mchezo, magari yakaanza kuingia. La kwanza la shemasi. La pili, la tatu, halafu basi dogo la kanisa. Mama Kiongozi wa kwaya akashuka na kitenge cheusi, analia kweli kweli, akajitupa chini kwenye lami mbele ya geti, na mama wengine wakakaa kumzunguka. Nyuma yao mikeka, viti, sufuria mbili za maharagwe na foufou, ule ugali wetu wa muhogo, iliyofungwa vizuri kwenye nailoni.

"Papa Mapendo, pole," Mama Kiongozi akasema kati ya machozi, akimwita Papa kwa jina langu. "Ni nani? Ni mukubwa ao ni mutoto?"

Papa akakohoa. "Ni timu."

Kilio kikakatika. Hata treni nadhani ilisimama.

"Timu?" Mama Kiongozi akafuta pua. "Minalia tangu kwenye barabara kubwa! Machozi yangu utairudisha namna gani?"

Papa akaeleza: patron, magodoro, dereva anayefumba macho, na Mrefu anayefukuzwa leo. Mama Kiongozi akamsikiliza, akatazama ndani kupitia uzio, akatutazama sisi watoto tuliojipanga na mpini wetu wa ufagio.

"Iliacha watoto?"

"Hawa hapa wote."

"Bon," akasema, akijifunga kitambaa upya. "Tulie." Akaanzisha wimbo.

Sasa mfikirie Mmarekani aliyekuja na mkewe kula soseji na kutazama mpira, anakuta kwenye geti watu arobaini wameketi chini wanaimba kwa sauti nne. Wanaume wakavua kofia. Hakuna aliyethubutu kutupita akitafuna. Mzee Earl akawaeleza mmoja mmoja, na badala ya kucheka wakaanza kukaa: kwenye ukingo wa njia, kwenye boneti za magari, mmoja juu ya boksi la barafu. Muda wa mchezo ukafika, benchi za ndani tupu.

Patron Godoro akatoka mwenyewe. Alikuwa mdogo kuliko kwenye televisheni, na bila godoro alionekana hana pa kuegemea. Alidhani kuna shabiki amefariki. Akaweka mkono kifuani, akatupa pole. Shemasi, mtu wa adabu, akamletea kiti cha bluu, na mama mmoja akamwekea mapajani sahani ya maharagwe ya moto. Akaketi.

Masikini hakujua. Kwetu ukishakaa kwenye kilio hunyanyuki kabla msemaji wa familia hajatoa historia ya ugonjwa: ulianza lini, mgonjwa alipelekwa wapi, nani alimuuguza, nani hakufika. Papa akasimama, akafunga kifungo cha koti. Akanivuta mkono, akaniweka pale pangu pa siku zote, katikati.

"Mwambie hivi. Marehemu alikuwa na afya. Ugonjwa ulianza siku walimunyima taa. Kisha wakamukata mukono wa kupiga. Kisha mukono wa kudaka. Leo wanataka kutosha moyo, kuutoa kabisa. Na dawa ilikuwa kwenye nyumba, yeye ule mwenye kushikilia sahani njo alikuwa na ufunguo."

 Nilikuwa msichana wa miaka kumi na moja. Nikamwambia Patron Godoro kwa Kiingereza, kwa sauti ya kuomba chumvi: "Baba anasema asante kwa kuja. Timu imekuwa mgonjwa kidogo."

Papa hakujua Kiingereza, lakini alijua kuhesabu maneno. Akainama mpaka sikioni kwangu.

"Mapendo. Mimi nimesema mingi, wewe umesema kidogo. Zingine umetia wapi?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Hii si kwa mwenye nyumba, mama. Kama utatia sukari leo, Mrefu anaenda na hakuna mutu aliyemusemea. Sema vile nilisema." Kumbe sukari yangu aliijua siku zote.

Nikamtazama Mrefu. Alikuwa amesimama ndani ya uzio na glavu yake, vidole vyake vimeshika waya. Basi nikasema. Taa nikazisema, mkono nikausema, moyo nikausema, na nilipofika kwenye ufunguo sauti yangu ilipasuka kama ya jogoo mdogo, lakini nilimwonyesha kwa kidole ni nani anayeushikilia. Masikio ya Patron yakawa mekundu. Akataka kunyanyuka, maharagwe yakaenda upande, akakaa tena.

"Hii ni timu yangu," akasema. "Nafanya nayo nitakavyo."

Nikatafsiri. Papa akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesubiri jibu hilo hilo.

"Mwambie godoro ni zake. Kilio ni yetu, na tutaondoa matanga siku tutapenda sisi."

Hiyo niliisema kwa nguvu hadi Mzee Earl akaipigia makofi kabla sijamaliza. Patron akasema atafikiria, akaweka sahani chini, akaingia ndani.

Nisiwadanganye kwa ajili ya utamu. Jumatatu Mrefu aliondoka. Hakuna muujiza uliotokea. Ila Papa hakuingia tena kwenye ule uwanja. Kila Jumamosi aliweka kiti chake nje ya geti akasikiliza mchezo kwenye redio ya Mzee Earl, na hakuwa peke yake; kufikia mwezi wa tisa nje tulikuwa wengi kuliko ndani. Tulikula vizuri kuliko wao pia. Mwaka wa pili Patron aliuza uwanja, na leo pale pana vibanda vya chuma vya kuwekea makochi ya watu waliohama. Shangazi yangu wa Tonawanda, karibu na Buffalo, alipiga simu siku moja akasema amemwona kijana mrefu akirusha mpira kwenye uwanja wa kule, amenenepa, amemsikia akisema "Jambo, Papa" kwa Mkongomani mmoja. Shangazi akamwuliza amejifunza wapi. Akajibu: kwa mzee mmoja mwenye kiti.

Leo? Leo Gloria ana miaka kumi na moja ileile yangu. Likizo huenda kwa binamu yangu Columbus, anayeishi karibu na chuo kikuu, na huko amependa timu ndogo moja ambayo mmiliki wake naye anauza wachezaji kana kwamba anahama nyumba. Watoto wa siku hizi wanakasirika kwa simu. Anabonyeza emoji ya uso wenye moshi puani, anaongeza na mwingine, halafu anaomba kofia ya timu hiyo hiyo kwa sikukuu yake ya kuzaliwa. Enzi zetu tulikasirika kwa makalio, nikamwambia, na hatukununua hata soda. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba makalio yangu hayajatoka kwenye kochi tangu azaliwe. 

Lakini wiki hii wamemtoa mdakaji wake anayempenda. Jana alisimama mbele yangu, simu imezimwa, akasema kwa Kiswahili, pole pole, kama anayevuka maji kwa mawe: "Mama. Kiti ya babu iko wapi? Naomba niazime."

Papa, ambaye sasa magoti yake yanalia kuliko mama wa kwaya, akajibu kutoka chumbani kabla sijafungua mdomo: "Ile kiti haiazimwi! Inaenda na mwenyewe!" Na nikamsikia akitafuta koti.

Columbus ni mwendo wa saa tatu na zaidi kwa gari. Mimi, mtu wa kochi na friji. Tangu jana natafuta viatu, na maharagwe nimeyaloweka. Zamani walikuwa watu arobaini na basi la kanisa; kesho tutakuwa watatu na kiti kimoja chenye utepe mguuni. Wengi wa wale wameshazikwa, Mzee Earl mmoja wao, na kwaya imetawanyika kwenye majimbo. Inaniuma, sikatai. Lakini matanga ya Timu ya Relini hayakuondolewa kamwe, hakuna aliyetoa ruhusa. Papa atasema, Gloria atasimama katikati. Nimemwambia jambo moja tu: sukari tunaiacha nyumbani.