Diski Isiyo na Foleni

Kuna siku moja, mwanangu, kila nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka wajukuu wananiuliza kama niko salama. Ilikuwa miaka ya tisini, enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa milango. Mie nilikuwa muuguzi wa zahanati huku Temeke, nimepelekwa chuo kujiendeleza, na nimepewa kazi ya utafiti: watoto wanaoharisha watunzwe vipi nyumbani. Haikuwa kazi ya kufungiwa kabatini. Mapendekezo yangu yangesomewa kina mama kliniki, neno kwa neno.

Ulikuwa hujazaliwa, kwa hiyo nikueleze. Kanzidata, hayo maghala ya makala mnayoyafungua leo kwenye simu, zama zile yalikuja yamejazwa kwenye diski. Maktaba tuliitumia pamoja na wanachuo wa mifugo. Kompyuta ya kwanza ilikuwa na diski ya tiba, na foleni yake ilifika mlangoni. Ya pili ilikuwa na diski ya mifugo, na kwa kuwa wenyewe walikuwa likizo, hapakuwa na mtu. Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mie sikutaka kuinama. Nikajiambia kuharisha ni kuharisha tu, nikaketi kwenye ile ya pili.

Nikaandika kwa Kiingereza changu cha kuungaunga: kuharisha, wachanga, matunzo. Makala zikamiminika, mamia kwa mamia. Wenzangu kwenye foleni walinitazama kwa wivu, nami nikajiona msomi. Kuzisoma zote ni kazi, basi nikawa nanakili mistari ya mwisho ya kila muhtasari. Palipotajwa ng'ombe nikaruka, maana sikuwa mjinga kiasi hicho. Palipotajwa wachanga tu, nikachukua. Nilipofika kwenye maranda ya mbao ya kulalia nilisita kidogo, halafu nikasema moyoni, wazungu wana mambo yao.

Mwalimu wangu, Mzee Mushi, aliisoma ripoti mbele ya darasa, kisha akavua miwani.

"Sista, hapa umeandika mtoto anayeharisha atengwe na wenzake, aongezewe joto, na abadilishiwe maranda kila siku."

"Ndiyo, mwalimu. Wataalamu ndivyo wanavyoshauri."

"Mie pale Sinza ninao mia mbili, na nawafanyia hivyohivyo."

"Watoto, mwalimu?"

"Kuku."

Siku hizo kila mwenye ua alifuga kuku wa nyama ili asaidie mshahara, kwa hiyo darasa zima lilielewa kabla yangu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mzee Mushi alinirudishia kazi, akanipa wiki moja, ila akaniomba nimwachie nakala kwa kuwa vifaranga wake walikuwa wanaugua.

Nilimwendea mkutubi, Bi Zuhura, mama wa Kigamboni asiyepandisha sauti. Nikamwamkia shikamoo huku natazama sakafu, nikamweleza yaliyonikuta.

"Marahaba. Wewe ulitazama foleni, mwanangu, hukutazama diski," aliniambia. "Kabla hujaiuliza chochote, jua kwanza imejazwa na nani, kwa ajili ya nani, na imeishia mwaka gani. Na zikija mia usishangilie. Soma."

Akanipeleka mwisho wa foleni ya tiba kama mtoto wa chekechea. Siku tatu nilisimama, nikapata makala kumi na moja. Kisha akanifungulia kabati la ripoti za zahanati zetu wenyewe, ambazo hakuna diski iliyokuwa nazo. Hizo ndizo zilizonifaa kuliko zote.

Kazi ikapita. Siku ya kuisoma kliniki, mama mmoja aliyepakata mtoto aliyezama macho akanyoosha mkono. "Sista, rudia hapo kwenye maji ya chumvi na sukari. Nataka nisisahau."

Nilirudia, neno kwa neno. Hakuniuliza nimeyatoa wapi. Ningesema lolote, angekwenda kulifanya. Niliogopa siku ile kuliko siku yoyote ya mtihani.

Basi, mwanangu, ukitafuta elimu ya afya, ifuate kwenye ghala la afya hata kama foleni ni ndefu. Usipojua lilipo, muulize mkutubi. Kuuliza si ujinga. Na kila unachonakili kisome mpaka mwisho, kwa maana yuko mama atakayekiamini kwa sababu tu wewe umekisema. Mungu akupe subira ya kusoma, akulinde na uvivu unaojifanya akili, na wanaokuamini wasidhurike kwa mkono wako. Amina.