Kinshasa ni Masaa Mbili

Papa alituambia hivi tangu tukiwa watoto: "Kinshasa ni masaa mbili. Beni ndiyo mbali!" Alikuwa mfanyabiashara wa maharagwe, na kwake umbali ulikuwa barabara tu, kama ile ya Beni; ndege hakuihesabu. Ndege zilipopita juu ya nyumba yetu mtaa wa Majengo, hapa Goma, tulikatiza mazungumzo, tukangoja, kisha tukaendelea. Siku hizi hakuna anayekatiza. Uwanja wa ndege umefungwa tangu vita viingie mjini, juu kumenyamaza, na ukimya ule nauogopa kuliko kelele.

Uwanja ulifungwa Papa akiwa Kinshasa kwa matibabu. Asubuhi moja mdogo wangu, aliyekuwa akimuuguza, akanipigia simu. Utumbo wa Papa umejisokota, waganga wa hospitali wanataka kumpasua leo leo, naye amekataa.

"Yaya, mukubwa wangu, anasema Mama akuye kwanza amupe mukono. Bila ile, mutu asimuguse."

Nilijua. Wale wawili hawakuachana hata mara moja, kwa safari wala kwa ugonjwa, bila Papa kusema, "Nipe mukono, niende." Safari hii ya Kinshasa Mama alikuwa Butembo kwenye msiba, Papa akaondoka bila mkono.

"Si umwambie uwanja umefungwa!"

"Nilimwambia. Homa imemupanda, anasahau. Anajibu tu: 'Musinidanganye, Goma ni masaa mbili.'"

Nikaiuliza simu yangu, nayo ikajibu vilevile, masaa mawili na kidogo. Mjinga! Inapima angani, kama vile angani bado kunapitika.

Mama, ambaye alikuwa amesharudi Goma, akajifunga kitenge, akateremka mtaa wa Birere, akavuka mpaka wa Rwanda, akapanda gari mpaka Kigali. Kutoka pale ndege ya Nairobi, na Nairobi ndege nyingine ya kurudi huku huku magharibi mpaka Kinshasa. Mutu anaenda magharibi, anaanza mashariki! Nilicheka kwa hasira, halafu nikalia.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, ndivyo tunavyotaniana. La Papa lilikuwa linaoza kweli. Mchana mdogo wangu akasema limekuwa gumu. Baadaye akasema muzee ameanza kuwaita watu waliokufa zamani, kwa majina, na anawacheka.

Mama akapiga kutoka Nairobi. "Muambieni aningojee, nimeshakaribia."

Hakuwa amekaribia hata kidogo.

Kisha mdogo wangu tena, safari hii kwa sauti ya chini. "Amekubali. Wamemuingiza."

"Amekubali vipi?"

"Nilimwambia Mama amefika. Kuna mama mumoja hapa anauguza mutoto wake kitanda cha pili. Nilimuomba, akamupa mukono. Muzee macho yalikuwa yamefumba. Akasema, 'Uko baridi. Ni ile ndege.'"

Papa hakutoka mule akiwa hai.

Mama alifika kesho yake. Mdogo wangu alimweleza yote pale ukumbini mwa hospitali, simu ikiwa wazi ili nami nisikie. Nilijikaza nikingoja kilio. Hakikuja.

"Na ule mukono alioshika," akauliza, "mwenyewe iko wapi?"

Mdogo wangu akaenda kumwita. Nikasikia kandambili zikija polepole, zikasimama, na yule mama akianza kuomba msamaha.

"Wacha," Mama akamwambia. "Nipe mukono."