Nassibu na Shangazi wa Ndani ya Ndege

Tabora nzima hakuna anayeng'arisha chuma kama Nassibu, na asiyeamini akaulize pale uwanja wa ndege. Alianza na saa za mkono za wateja wa marehemu baba yake, akahamia kwenye redio, akaenda kusomea vipimo vya ndege, akarudi na cheti alichokitia fremu kubwa kuliko ya picha ya harusi yake. Mkewe Batuli hajamsamehe mpaka leo.

Anatunza ndege moja ndogo ya Nishant, mfanyabiashara wa mjini, inayopeleka chanjo na wauguzi Igunga na kwingineko. Sabuni za dukani anazidharau. Ubavu wa ndege anausugua kwa nta ya nyuki aliyoiyeyusha mwenyewe kwa mafuta ya taa. Nta ya Tabora, nyie! Kunguru akipita anajitazama.

Basi mwezi huohuo wa nta, ndege ikaanza vituko. Ina kifaa cha kumwonya rubani akikaribia mlima, chenye sauti ya mama wa Kizungu anayefoka: ardhi, ardhi, panda juu! Rubani Dionis alimbatiza jina la Shangazi. Kila akivuka vilima vya njia ya Igunga, vikiwa chini kabisa kama vichuguu, Shangazi anapiga mayowe.

"Fundi, shangazi yako anadai nalima," Dionis alimwambia.

Nassibu akabadilisha antena. Akaweka ramani mpya. Akakagua waya zote. Kila mara alijaribu mitambo baada ya chakula cha mchana, jua likiwaka, akaona kila kitu sawa, akatia saini na kutamba, "Imepona hiyo!" Kesho yake asubuhi, mayowe yaleyale.

Mwishowe Nishant akaja mwenyewe. "Mara tatu, fundi. Ijumaa akilia tena, ndege inahamia Mwanza kwa mafundi wengine. Wewe urudi kwenye saa zako."

Nassibu alicheka, lakini cheko liliishia kwenye meno. Na Dionis, akidhani anamfariji, akazidi kumvuruga: "Usijali. Nikifika vilimani namzima tu."

Namzima tu! Na siku ya mawingu, mlima ukiwa wa kweli, nani atamwambia?

Ijumaa alfajiri Nassibu akapanda naye. Walipofika vilimani Shangazi akaanza. Nassibu hakumtazama, alitazama namba mbili.

"Kapteni, sindano ya kimo inasema futi elfu tano. Setilaiti inasema elfu tano na mia nane."

"Kwa hiyo Shangazi si mwongo?"

"Anasema alichoambiwa na sindano. Sindano ndiyo imechelewa kupanda."

Sasa, sindano ile hupima kimo kwa hewa ya nje, na hewa huingia kwa vitundu vya ubavuni, vidogo kama punje ya mtama. Walipotua Igunga, Nassibu alishuka mbio akapapasa ubavu. Vitundu havikuonekana. Palikuwa na mng'aro mtupu. Akakwangua kwa kucha, akanusa. Asali.

Hapo akaelewa. Jua la mchana lililainisha nta na hewa ikapita, ndiyo maana majaribio yake yote yalikubali. Baridi ya asubuhi iliigandisha. Mchawi aliyemtafuta mwezi mzima alikuwa yeye na kitambaa chake.

Dionis alikuwa upande wa pili akishusha makasha ya chanjo. Hakuna aliyeona. Nassibu angefuta kimyakimya, aseme waya ulilegea. Waya hauna mdomo wa kukanusha. Alishachomoa leso.

Ndipo akakumbuka kopo. Wiki iliyopita alimpelekea kopo la nta Asnath, fundi binti aliyejifunza kazi kwake, ambaye sasa anatunza ndege Kigoma. Kigoma, kwenye milima ya kweli! Akapiga simu.

"Shikamoo, fundi!"

"Marahaba. Ile nta umeipaka?"

"Jana jioni. Inang'aa balaa! Rubani anawasha injini sasa hivi."

"Mzuie! Angalia vitundu vya ubavuni. Nta inaviziba. Mimi vya kwangu nimeviziba mwezi mzima."

"Wewe, fundi?"

"Mimi. Kimbia!"

Alisikia miguu, kelele, kisha injini ikinyamaza. "Fundi," Asnath alihema, "kimoja kimezibwa kabisa."

Nassibu alipogeuka, Dionis alikuwa nyuma yake na kasha mikononi. Aliliweka chini. Akampa mafuta ya kusafishia.

Walirudi Shangazi akiwa macho, na vilimani hakukohoa hata kidogo. Tabora, Nassibu aliandika kwenye kitabu cha ndege: "Vitundu vya hewa vilizibwa na nta. Mpakaji: Nassibu." Nishant akasoma mara mbili.

"Nimwachie ndege mtu aliyeiziba pua?"

"Bosi," Dionis akadakia, "huyu kajiandika mwenyewe. Huyo wa Mwanza simjui atamwandika nani."

Nishant alikuna kidevu. "Nta itoke hapa uwanjani leo hii."

"Yote, bosi?"

"Yote. Na kesho saa kumi na mbili uwe hapa, kuna safari."

Makopo yalihamia nyumbani. Batuli aliyapokea kwa furaha ya kutisha. Alisugua fremu ya picha ya harusi mpaka ikawaka, akaitundika pale ukutani kilipokuwa cheti. Cheti kiko nyuma ya kabati.